Kibali cha Kazi na Mwalimu Mgeni wa Kiingereza: Kumbukumbu za Thailand

Sheria za Thailand hutenganisha mambo mawili ambayo wageni wengi huyachukulia kuwa jambo moja, yaani ruhusa ya kukaa nchini na ruhusa ya kufanya kazi. Ruhusa ya kwanza hutolewa na Uhamiaji, ambayo nchini humo ni idara ya polisi, nayo hugongwa muhuri ndani ya pasipoti. Ya pili hutolewa na Idara ya Ajira iliyo chini ya Wizara ya Kazi, na kwa miaka mingi ilikuwa kijitabu chenye jalada la buluu ambacho kwa umbo hakikutofautiana sana na pasipoti yenyewe. Msomaji wa Tanzania hataona ugeni mkubwa katika mpangilio huo, kwa kuwa sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni nayo inampa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa kibali cha kazi huku Uhamiaji ikibaki na kibali cha ukaazi. Kinachomtofautisha mwalimu aliyeko Thailand na wafanyakazi wengine wa kigeni ni mlango wa tatu, nao ni Khurusapha, yaani Baraza la Walimu linaloendeshwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambalo idhini yake huhitajika kabla ya mgeni kufundisha katika shule ya mfumo rasmi.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, mwalimu wa sekondari kutoka Kenya, aliipitia milango hiyo mitatu katika miaka iliyotangulia janga la UVIKO-19, alipokuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya Isan, eneo la kaskazini mashariki mwa Thailand linalopakana na Laos. Somo kubwa alilolipata huko, na ambalo makala haya yanalitetea, ni kwamba kibali cha kazi si mali ya mwalimu hata kama jina na picha vilivyomo ni vyake. Ni hati inayoshuhudia uhusiano wa mwalimu mmoja na mwajiri mmoja, na uhusiano huo ukivunjika hati nayo hufa. Faini, safari za ghafla za kuvuka mpaka na mishahara iliyozuiliwa, ambayo ndiyo malalamiko ya kila siku ya walimu wageni, kwa sehemu kubwa hutokana na kutolijua jambo hilo mapema, au kulijua na kulipuuza kwa sababu shule imesema mambo yote yatashughulikiwa.

Mwanzo wa safari ya karatasi uko nyumbani, na huko ndiko mwombaji wa Afrika Mashariki hupoteza muda mwingi kuliko kwenye foleni yoyote ya Bangkok. Shahada ya kwanza ni sharti, ikiambatana na orodha ya masomo na alama zilizopatikana. Tena Khurusapha hutaka chuo kilichotoa shahada kithibitishe kwa barua kwamba mhitimu huyo ni wake, na yeyote anayejua jinsi barua zinavyokaa mezani katika ofisi za wasajili wa vyuo vyetu ataelewa kwa nini jambo hilo linafaa kuanza miezi kadhaa kabla ya mengine. Kuna pia cheti cha tabia njema, ambacho nchini Kenya hutolewa na Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai baada ya alama za vidole kuchukuliwa na kulinganishwa na kumbukumbu za polisi. Hati hizo zinaweza kuhitaji kuhalalishwa, hatua ambayo Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi hugonga mihuri juu ya hati kuonyesha kwamba sahihi na mhuri uliotangulia ni halisi. Uhalalishaji hauthibitishi yaliyoandikwa ndani ya hati, bali unathibitisha mkono ulioitia sahihi, na ndiyo maana shahada iliyojaa mihuri ya wizara bado inaweza kukataliwa na Baraza la Walimu linalosubiri barua ya chuo.

Tatizo ambalo halitajwi katika miongozo ni majina. Mkenya wa kawaida hutembea na majina matatu au manne, moja la ubatizo au la Kiislamu, la ukoo na la baba, ambayo hujipanga kila mara kwa namna tofauti kutegemea nani alikuwa akiandika, na kwa hiyo si ajabu kukuta shahada yenye jina ambalo pasipoti imeliacha, au pasipoti iliyolifanya jina la babu kuwa la ukoo. Nyumbani hakuna anayeshtuka, lakini karani wa Thailand, ambaye katika nchi yake mtu ana jina moja la kwanza na jina moja la ukoo, huona watu wawili. Dawa yake ni hati ya kiapo, yaani tamko linaloapwa mbele ya wakili na kutiwa mhuri wake, linaloeleza kwamba majina yote yaliyotajwa ni ya mtu mmoja. Mwandishi alisafiri na hati hiyo akidhani ni tahadhari ya ziada, na ikawa ndiyo karatasi iliyoombwa katika ofisi zote tatu. Hata hivyo haikumaliza mambo, kwa sababu jina la kigeni likifika Thailand huandikwa upya kwa herufi za Kithai kwa kufuata sikio la anayeandika, na tahajia ya ofisi moja isipolingana na ya nyingine mwombaji hurudishwa alikotoka. Mwalimu anayefika kwa mara ya kwanza angefanya vyema kuchukua picha ya tahajia ya kwanza iliyokubaliwa na kuionyesha kila aendako.

Afya ina sehemu yake pia, ingawa si nzito kama inavyohofiwa. Nchi za Afrika Mashariki zimo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hutakiwa na Thailand kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na katika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi msafiri hupaswa kupita kwenye dawati la afya kabla ya kufika kwa maofisa wa uhamiaji. Asiyelijua dawati hilo hupanga foleni ndefu, akafika mbele, kisha akarudishwa nyuma alikopita. Cheti cha daktari kinachoambatanishwa na maombi ya kibali nacho hutaja magonjwa ambayo mwombaji hapaswi kuwa nayo, miongoni mwake ukoma, kifua kikuu kilichofikia hatua ya hatari, matende, kaswende ya hatua ya tatu, pamoja na uraibu wa dawa za kulevya na ulevi sugu. Kwa mtu wa Pwani, ambako matende yanajulikana tangu zamani, si rahisi kuisoma orodha hiyo bila kutabasamu kidogo, hasa anapogundua kwamba daktari anaweza kuijaza fomu nzima baada ya kupima shinikizo la damu na kuuliza maswali mawili.

Jambo lenye uzito zaidi ni swali la nani anahesabiwa kuwa mwenye lugha. Braj Kachru, mwanaisimu mwenye asili ya India, katika maandishi yake ya mwaka 1985 alizigawa nchi zinazotumia Kiingereza katika duara tatu: duara la ndani, ambako lugha hiyo ni ya kuzaliwa nayo kwa walio wengi, kama Uingereza na Marekani, duara la nje, ambako ilifika kwa ukoloni ikabaki katika shule, mahakama na bunge, kama Kenya na India, na duara linalopanuka, ambako hufundishwa kama lugha ya kigeni, kama Thailand. Sheria za vibali katika Asia ya mashariki huufuata mgawanyo huo bila kuutaja. Korea Kusini, kwa mfano, kwa kawaida hutoa viza yake ya E-2 ya walimu wa lugha kwa raia wa nchi saba tu upande wa Kiingereza, ambazo ni Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na Mkenya aliyefundisha fasihi ya Kiingereza kwa muongo mzima hana fomu ya kujaza.

Thailand haikufunga mlango kwa namna hiyo, na hiyo ndiyo sababu Waafrika wengi wanaotaka kufundisha Asia huishia huko, lakini humdai raia wa nchi isiyo ya duara la ndani uthibitisho wa mtihani, ambao mara nyingi ni TOEIC, mtihani uliotungwa na shirika la Marekani kwa maombi ya Wajapani, ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na ambao shabaha yake ni Kiingereza cha ofisini na biashara. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na mwombaji huyo huyo amesomeshwa, ametahiniwa na ameajiriwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Yote hayo hayana uzito mbele ya rangi ya jalada la pasipoti. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, aliiita imani kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho kuwa ni uwongo usio na msingi wa kitaaluma, akisisitiza kwamba ualimu ni ujuzi wa kujifunza na aliyewahi kujifunza lugha kwa jasho huijua njia anayompitisha mwanafunzi. Mwandishi hana ugomvi na mtihani wenyewe, ambao ulimchukua asubuhi moja. Ugomvi wake ni na kilichofuata, kwamba shule iliyomwajiri ilimlipa chini ya mwenzake kutoka Uingereza waliyegawana naye madarasa yale yale na vitabu vile vile, na ilipoulizwa ilijibu kwa adabu kwamba wazazi hulipia sura wanayoiona langoni. Serikali hupima pasipoti kwa sababu pasipoti ni rahisi kupima kuliko ufundishaji, na soko huufuata upimaji huo na kuutia bei.

Utaratibu wenyewe, ukifuatwa kama ulivyoandikwa, hauna utata mkubwa. Shule hutoa barua ya ajira na nyaraka zake za usajili. Mwalimu huziwasilisha kwa ubalozi kwa njia ya mtandao akiwa kwao, akapewa viza ya daraja B ya wageni wasio wahamiaji, ambayo walimu wote huiita Non-B. Akiingia nayo hupewa siku 90 za kukaa, na ndani ya siku hizo shule huomba Khurusapha ruhusa ya muda kwa mwalimu asiye na leseni ya ualimu ya Thailand, kisha kibali cha kazi, na mwisho Uhamiaji huongeza muda wa kukaa kulingana na mkataba kwa ada ya baht 1,900. Ruhusa hiyo ya muda hudumu miaka miwili, nayo hutolewa kwa shule moja mahususi. Leseni kamili hudumu miaka mitano na ndiyo pekee inayomfuata mwalimu mwenyewe.

Ni katika ofisi ya ajira ya mkoa ambako mwandishi aliona kwa macho kwamba kibali si mali ya mwalimu. Karani wa shule, mwanamke wa makamo ambaye walimu wote walimwita Pii, kama ilivyo desturi ya Wathai kumwita hivyo mtu anayewazidi umri kidogo, alifika na jalada lililonenepa, akalifungua juu ya meza ya ofisa na kuanza kutoa karatasi moja moja: barua ya mkurugenzi wa shule, nakala ya kitambulisho cha mkurugenzi, hati ya usajili wa shule, mkataba, ramani ya kufika shuleni, picha za lango na za majengo, na chini kabisa nakala za pasipoti, shahada na cheti cha daktari. Kila nakala ilitakiwa kuwa na sahihi ya mwenye hati kwa wino wa buluu, ili ijulikane kwamba si fotokopi ya sahihi. Ofisa alipekua bila haraka, akakuta ukurasa mmoja wa pasipoti usio na sahihi, akaugeuza kumwelekea mgeni na kuweka kalamu juu yake pasipo kusema neno. Katika rundo lile, karatasi za mwalimu zilikuwa chache kuliko za shule, na ambazo hazikuweza kupatikana mahali pengine popote zilikuwa zile za shule. Kijitabu cha buluu kilipotoka kilitaja mwajiri, aina ya kazi na mahali pa kuifanyia, na tarehe ya mwisho wake iliangukia mwaka 2562, kwa kuwa Thailand hutumia kalenda ya Kibuddha iliyo mbele ya ile ya kawaida kwa miaka 543. Ada ya kibali cha mwaka mmoja ilikuwa baht 3,000, na mkataba usiosema nani atailipa humaanisha kwamba mwalimu ndiye atakayelipa.

Hatari kubwa zaidi iko katika kipindi cha kungoja. Muhula wa kwanza hufunguliwa katikati ya Mei, wanafunzi wapo, ratiba imebandikwa, na shule humwomba mwalimu aingie darasani huku karatasi zikiendelea. Ombi hilo hutolewa kwa upole unaofanya kukataa kuonekane utovu wa adabu, lakini upole haumo katika sheria: kwa marekebisho ya mwaka 2018 ya sheria ya kusimamia kazi za wageni, mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini kati ya baht 5,000 na 50,000 na kurudishwa kwao, na mwajiri naye hutozwa kati ya baht 10,000 na 100,000 kwa kila mgeni. Kwa shule hiyo ni gharama, kwa mwalimu ni mwisho wa safari. Mwandishi alikubaliana na shule kwamba mshahara wake uanze siku ya kibali, jambo lililompunguzia kipato cha mwanzo na kumwachia usingizi wa amani, na bado anaamini hayo yalikuwa mapatano bora kuliko yote aliyoyafanya huko.

Kuhama shule ndiko kunakofunua sura kamili ya kibali. Ajira ikikoma, ruhusa ya kukaa iliyotolewa kwa sababu yake hukoma siku hiyo hiyo, hata kama mhuri uliomo ndani ya pasipoti unaonyesha mwezi wa mbali. Hivyo mwalimu anayetaka kuhama huhitaji tarehe ya mwisho ya shule ya zamani na tarehe ya kwanza ya shule mpya zikaribiane, na huhitaji barua ya kuachishwa kutoka kwa mwajiri ambaye pengine hafurahii kuondoka kwake. Shule ya kwanza ya mwandishi iliichelewesha barua hiyo hadi mitihani ya Machi iliposahihishwa yote. Baadhi ya shule husaini mikataba ya miezi kumi ili zisilipe mishahara ya likizo, na kibali hufuata mkataba, kwa hiyo mwalimu hujikuta kila mwaka akifunga mizigo wakati wa joto kali la Aprili pasipo kosa lolote alilolifanya.

Masharti mengine ni ya kukumbuka tu: kuripoti anwani Uhamiaji kila baada ya siku 90, kuhakikisha mwenye nyumba ametoa taarifa ya kumpokea mgeni ndani ya saa 24, na kuchukua ruhusa ya kurejea kabla ya kutoka nchini, kwa baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Hili la mwisho huwaumiza hasa watu wa kwetu, kwa sababu mtu anayepigiwa simu ya msiba usiku huwaza ndege na si Uhamiaji, naye akitoka bila ruhusa hiyo muda wote aliokuwa nao hufutika mpakani.

Zamani walimu wengi waliingia kwa viza ya utalii, wakatafuta shule wakiwa ndani, kisha wakavuka kwenda Vientiane au Penang kuomba Non-B katika ofisi za ubalozi za huko. Njia hiyo iliwafaa Wazungu zaidi kuliko Waafrika, ambao mara kwa mara waliambiwa waende kuombea kwao, na imezidi kuwa nyembamba tangu Januari 1, 2025, balozi zote za Thailand zilipoingia katika mfumo wa viza ya mtandao. Wakati huo huo ahadi za kazi nchini Thailand zimekuwa chambo cha biashara nyingine kabisa. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwatahadharisha wananchi kuhusu kazi hewa za Thailand, baada ya Wakenya kujikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika kambi za utapeli wa mtandaoni, na mwaka 2025 Waafrika Mashariki walikuwa miongoni mwa maelfu waliotolewa katika kambi za eneo la Myawaddy. 

Mwalimu aliyeko Nairobi, Kampala au Mwanza anayeahidiwa nafasi na wakala, na kuambiwa kwamba viza ya utalii inatosha na kibali kitapatikana huko huko, amtake wakala huyo amtajie jina la shule, kisha aipigie shule kwa namba aliyoitafuta mwenyewe na kuomba barua ya ajira yenye sahihi ya mkurugenzi pamoja na hati ya usajili wa shule. Hati hizo zisipokuja, asikate tiketi.